Filamu za Majaribio: Haya Matamasha ni ya Nini, na Msee wa Burat Anaingilia Wapi?

Machi 2018, Beyoncé na Jay-Z walitoa picha ya kutangaza ziara yao ya On the Run II. Wako wawili juu ya pikipiki, na pale mbele kwa usukani kumefungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake. Mtandao uliwaka. Wengi wetu tulidhani ni luku imebuniwa na wasee wa Marekani.

Kumbe hiyo pikipiki ilitoka Dakar, Senegal. Iko kwa filamu ya 1973 inaitwa Touki Bouki, yaani safari ya fisi kwa Kiwolof. Jamaa kwa hiyo filamu anaitwa Mory, mtu wa kuchunga ng'ombe. Ameishia mjini, hana doh, na yeye na dem wake Anta wanapiga hesabu vile watafika Paris.

Mchungaji, pikipiki, ndoto ya majuu. Manze, si hiyo ni Isiolo kabisa?

Aliyeitengeneza, Djibril Diop Mambéty, hakuwa amesomea filamu mahali popote. Alikuwa mwigizaji, na hata ile tamthilia ya kitaifa ya pale Dakar ilikuwa imemfukuza. Mimi niliacha kolegi muhula wa tatu juu ya karo, kwa hivyo niliposoma hiyo story nilikaa chini kwanza. Hii makala ni ya wasee kama sisi: ukiwa na simu na kitu cha kusema, kuna mlango unaitwa tamasha la filamu za majaribio. Hebu tuufungue polepole.

Filamu ya majaribio ni nini?

Muvi ya kawaida inakushika mkono. Kuna stelingi, kuna adui, wanapigana, stelingi anashinda, mnaenda nyumbani. Filamu ya majaribio inaachilia huo mkono. Inajaribu kitu na picha, sauti au muda, alafu inakuuliza umehisi nini. Inaweza kuwa dakika 3 ama saa 3. Inaweza kukosa maneno, ikakosa waigizaji, ikakosa hata mwisho.

Mifano mitatu ya zamani:

1. Man with a Movie Camera (1929) ya Dziga Vertov. Hakuna mwigizaji, hakuna story. Ni miji ya Muungano wa Sovieti ikiamka, ikifanya kazi na ikicheza, na mtu wa kamera anaonekana akihustle ndani ya filamu yake mwenyewe.

2. Meshes of the Afternoon (1943) ya Maya Deren na bwanake Alexander Hammid. Waliipiga kwa nyumba yao. Ufunguo, kisu, ua na ndoto inayojirudia. Bado inafundishwa mavyuoni.

3. La Jetée (1962) ya Chris Marker kutoka Ufaransa. Ni dakika 28, na karibu yote imeundwa na picha zilizosimama tu, na sauti ya mtu akisimulia. Yaani simu yako iko na kila kitu alichohitaji.

Ushaiona bila kujua

Kabla useme hizi ni vitu za wazungu, kumbuka vile tulilelewa. Mimi nilikua Burat, na sinema yetu ilikuwa kibanda cha mabati, jenereta inanguruma nje, na benchi za mbao. Muvi ni ya Kichina ama ya Kihindi, lakini juu yake anaongea DJ Afro, anabatiza stelingi jina lingine, anatupa utani wa mtaani, anakuambia nani atakufa kabla afe. Picha ya Hong Kong, mdomo wa Kenya. Hiyo ni kuchukua filamu ya mtu na kuigeuza kitu kipya mbele ya macho yako. Ilikuwa majaribio, na tulikuwa tunalipia.

Kampala hao jamaa wanaitwa VJ. Kule mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alienda hatua moja mbele: kwa Who Killed Captain Alex? ya 2010, sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu yenyewe. Bunduki ni za kuchomelea, waigizaji ni majirani. Filamu yake nyingine, Crazy World, ilionyeshwa tamasha la Toronto 2019. Kutoka mtaani hadi Kanada, na hakungoja studio kubwa imwite.

Sasa tamasha linakuwaje?

Tamasha la filamu ni siku kadhaa za kuonyesha filamu zilizochaguliwa, mara nyingi kutoka nchi nyingi. Watu hutuma kazi, wachaguzi wanazipitia, zinazopita zinaonyeshwa, na waamuzi wanatoa zawadi. Baada ya filamu, aliyeitengeneza husimama kuulizwa maswali. Tamasha la majaribio ni hivyo hivyo, lakini kipimo ni kingine. Hawaulizi umetumia pesa ngapi ama nani maarufu yuko ndani. Wanauliza umejaribu nini. Hapo ndipo msee wa Burat anaweza kusimama na mtu wa Berlin bega kwa bega.

Haya ni majina ya kujua:

Oberhausen, Ujerumani. Filamu fupi tangu 1954. Tarehe 28 Februari 1962, vijana 26 walisoma tangazo hapo wakisema sinema ya wazee imekufa na wao wanaanza mpya.

Ann Arbor, Marekani. Lilianza 1963. Ndilo kongwe zaidi la filamu za majaribio Amerika Kaskazini.

Rotterdam, Uholanzi. Lilianza 1972 chini ya Huub Bals. Usiku wa kwanza walikuja watazamaji 17. Soma tena: 17. Leo ni moja ya matamasha makubwa Ulaya, na tangu 1988 lina Hubert Bals Fund, mfuko unaosaidia watengenezaji filamu kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko.

Zanzibar, ZIFF. Lilianzishwa 1997, na linajulikana pia kama tamasha la nchi za jahazi. Filamu zinaonyeshwa usiku ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, na tuzo kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Si la majaribio pekee, lakini ndilo jukwaa linaloheshimika sana pwani yetu.

Rwanda. Lilianza 2005 na Eric Kabera, na watu wakalibandika jina Hillywood juu ya vilima. Skrini ya kujazwa upepo inabebwa hadi vijijini, watu wanakaa kwa nyasi.

Goma, Kongo. Hili nataka tukae nalo kidogo.

Goma: tamasha mahali kamera za nje zilizoea vita

Goma ni mji chini ya volkano ya Nyiragongo, ambao dunia huuona kwa habari za vita na wakimbizi tu. Januari 2025, M23 waliuteka na kamera zikarudi tena. Lakini katikati ya miaka ya 2000, Petna Ndaliko Katondolo na kituo cha vijana cha Yole!Africa walikuwa wameanzisha Salaam Kivu International Film Festival, ambalo baadaye likaitwa Congo International Film Festival. Si kukaa na kutazama tu. Kuna ngoma, dansi, na mafunzo ya kushika kamera.

Petna mwenyewe hupiga filamu za majaribio. Kwa Kapita (2020) amechukua picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni Kongo, zile zilipigwa na wakubwa wakionyesha kazi na madini, akazigeuza ziseme kitu wenyewe hawakukusudia. Ni kama kuchukua barua mtu aliandika kukuhusu na kuisoma kwa sauti yako.

Hapo ndipo Burat inaingia, juu sisi pia tumepigwa picha sana.

Isiolo kwa filamu: simba, milioni moja, na sisi

Elsa, yule simba jike wa Born Free, alilelewa na Joy na George Adamson wakati George alikuwa afisa wa wanyamapori wa kaskazini, makao yake Isiolo. Filamu ya 1966 ilishinda Oscar mbili za muziki. Mwaka 2001, Wamarekani walikuja Shaba, hii kaunti yetu, wakapiga Survivor: Africa. Mshindi alienda na dola milioni moja.

Kwa hivyo simba wetu ako na filamu yenye Oscar mbili, na nyika yetu imemwomoa mtu. Wewe na mimi huwa tunaonekana kwa habari: ukame, wizi wa mifugo, foleni ya chakula cha msaada. Sisemi hayo ni uongo. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulikula ng'ombe za watu ninaowajua. Shida ni kwamba kamera huja wakati mmoja tu, wakati mzoga uko barabarani. Burat kuna Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wameru na Wasomali, kuna mashamba kando ya mto, kuna wasee wa boda wanaojua kila njia. Hiyo siku ya kawaida, nani ameipiga?

Wakenya wengine wameanza. Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009), ya dakika kama 20, inaonyesha dunia baada ya vita vya maji. Ilifika Sundance 2010. Itazame kama umewahi kupanga mtungi alfajiri, itakugonga. Nest Collective wa Nairobi, 2022, walipeleka Return to Sender kule maonyesho ya documenta, Ujerumani: nyumba imejengwa na marobota ya mitumba, na ndani kuna video. Waliwarudishia nguo zao.

Vile unatuma filamu yako

- Anza fupi. Dakika 3 hadi 10 inatosha. Matamasha mengi yana kitengo cha filamu fupi.
- Usikimbilie YouTube. Matamasha mengine yanataka kuwa ya kwanza kuionyesha. Weka kwa kiungo chenye nenosiri.
- Andika tafsiri chini ya picha. Kama watu wanaongea Kiturkana ama Kiborana, weka maandishi ya Kiingereza. Usibadilishe lugha yao. Hiyo ndiyo nguvu yako.
- Sauti kwanza. Picha mbaya inaweza kuitwa mtindo. Sauti ya upepo inaitwa upepo tu.
- Tumia FilmFreeway. Hapo ndipo matamasha mengi duniani hupokea kazi. Angalia ada kabla ubonyeze, na uandikie tamasha kuomba kusamehewa. Mengine hukubali.

Hapa nikuambie yangu. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa dakika 4: mikono ya shosho akigawa maziwa, hakuna uso, hakuna neno. Niliituma tamasha moja nisilolitaja, nikalipa ada kama thao nne za kukopa. Nikashinda cheti. Baadaye nikagundua kila mtu alikuwa ameshinda, na hakuna ukumbi, hakuna watazamaji, hakuna chochote. Cheti kiko, deni lilikuwa. Kwa hivyo kabla ulipe, tafuta picha za miaka iliyopita: watu wameketi mahali? Filamu zilizoshinda zinajulikana? Kama ni tuzo mia na hakuna kiti hata kimoja, toroka.

Sheria: usiingie kichwa kichwa

Kenya kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Kupiga filamu ya kuonyesha umma kunahitaji leseni, na kuionyesha kunahitaji ipitiwe na KFCB. Si mchezo. Stories of Our Lives ya Nest Collective ilionyeshwa Toronto 2014 na ikapata tuzo Berlin 2015, lakini hapa ilizuiwa, na mtayarishaji wake akakamatwa kwa madai ya kupiga bila leseni, kesi ambayo baadaye iliondolewa. Aprili 2018, Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku wakati inajiandaa kwenda Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Septemba, Mahakama Kuu iliifungulia siku 7, na Nairobi ikajaza viti.

Iwe unakubaliana na hizo filamu ama la, somo ni moja: shika karatasi zako mapema. Na uombe ruhusa ya mtu kabla umpige, haswa wazee na watoto. Sisi tunajua vile inauma kupigwa picha bila kuulizwa.

Na kama tungefanya yetu?

Rwanda walitumia vilima. Kakuma na Dadaab, FilmAid wameonyesha filamu usiku nje kwa wakimbizi kwa miaka mingi. Burat tuko na uwanja, giza la kutosha na ukuta wa shule. Kinachobaki ni projekta ya kukodi, shuka nyeupe, spika, jenereta, ruhusa ya wenye filamu na ile karatasi ya KFCB. Touki Bouki ianze, Pumzi ifuate, alafu filamu tatu fupi za vijana wa hapa, na mtu wa kutafsiri kwa maiki kama DJ Afro ili shosho asiachwe nyuma.

Mbogi yetu imeanza kuulizia bei ya projekta. Wakikuja watu 17, tutakuwa tumefika Rotterdam. Na shosho ashasema atakaa mbele, anataka kuona hiyo mikono yake ikiwa kubwa kama ukuta.