Historia fupi ya kitambaa kilichokwaruza gari langu

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie gari. Msinikimbie, mwishoni mtaona ni yale yale ya kutafuta kosa lilikoanzia.

Nilipotaka kuuza gari langu la kwanza, Toyota nyeusi iliyokuja kutoka Japani ikiwa imetumika, mnunuzi alifika jioni pale Ruiru, akawasha tochi ya simu na kumulika boneti. Mikwaruzo myembamba ikajitokeza kama utando wa buibui, na katikati yake vidoa vyeupe vya mviringo. Akapunguza shilingi 30,000 papo hapo. Usiku ule nilimlaumu kijana aliyekuwa akiniosheA gari kila Jumamosi, nikapanga kumwendea na maneno makali. Lakini kazi hii ya kompyuta imenifundisha jambo moja: usimlaumu mtu wa mwisho kugusa kitu kabla hujafuata nyayo hadi mwanzo. Basi nikafuata.

Kwanza, rangi. Thika inayajua magari. Kiwanda cha Leyland Kenya kilianzishwa hapo 1974, na leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Magari mengi ya zamani yalipakwa rangi ya kawaida hadi juu kabisa. Ikikwaruzika, unaisugua kwa nta na mng'aro unarudi. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji walizidi kutumia mtindo mwingine: rangi chini, vanishi isiyo na rangi juu. Vanishi hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Inang'aa sana, lakini kila mkwaruzo hukamata mwanga, na kwenye gari jeusi hakuna pa kujificha.

Pili, kitambaa. Zamani gari lilikaushwa kwa ngozi laini iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Jina lake la Kizungu limetokana na mnyama wa milima ya Ulaya anayefanana na mbuzi, ingawa baadaye ilitengenezwa kwa ngozi ya kondoo. Ilikuwa ghali, na ikikauka inakakamaa kama ubao. Halafu soko la Kenya likafunguliwa miaka ya 1990 na mitumba ikamiminika. Viwanda vingi vya nguo nchini viliyumba au kufungwa, na Thika, mji wa viwanda vya nguo, iliyaona hayo kwa macho. Fulana kuukuu ikawa rahisi kuliko kitambaa chochote, ndiyo ikawa taulo ya gari. Ina mishono migumu, ina maandishi ya plastiki kifuani, na hainywi maji upesi, kwa hiyo unalazimika kusugua.

Tatu, vumbi. Udongo wetu mwekundu una madini ya chuma, ndiyo maana ya wekundu ule. Ongeza malori ya mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo, kule Juja, yanayomwaga unga njia nzima. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, nyumba zikaota kila upande, na kila nyumba inataka mawe. Chembe moja ikinaswa kwenye fulana, umeshika msasa.

Nne, maji. Hapa ndipo nilipostaajabu. Mito inayoshuka kutoka Aberdare ina maji laini, lakini bwawa la Ruiru, na baadaye lile la Ndakaini lililokamilika 1994, yalijengwa kwa ajili ya Nairobi. Mitaa mingi ya Ruiru imekua haraka kuliko mabomba, hivyo watu wanachimba visima virefu. Maji ya visima hivyo hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba magadi na silika. Tuseme lita moja ina miligramu 400 za chumvi, na nusu lita imebaki juu ya gari. Jua likiinywa, miligramu 200 zinabaki kwenye vanishi, duara kwa duara. Magadi yakiwahiwa huoshwa kwa maji tu. Silika ikishakauka vizuri hung'ang'ania.

Dawa ya haya yote ilitoka huko huko lilikotoka gari langu. Mwaka 1970 kampuni ya Toray ya Japani ilitoa ngozi ya bandia iliyotengenezwa kwa nyuzi nyembamba mno. Uzi wa aina hiyo ukiwa na urefu wa mita 9,000 haufiki gramu moja. Kwenye taulo za siku hizi nyuzi hizo hupasuliwa, na maji huvutwa katikati yake bila kusugua. Tatizo ni kwamba gari lilifika Ruiru miaka mingi kabla ya taulo yake.

Sasa nafanya hivi. Naegesha kivulini, boneti ipoe. Mwisho wa kuosha naondoa kichwa cha mpira na kuacha maji yatiririke polepole kutoka paani, maana maji yakishuka kwa pamoja huondoka na matone. Yakiwepo ya mvua kwenye tangi, ndiyo ya mwisho, kwa kuwa karibu hayana chumvi. Kisha natandaza taulo, naibonyeza, nainua. Sisugui. Naanza juu, namalizia chini kwenye uchafu. Taulo iliyoanguka chini haigusi tena rangi hadi ifuliwe, na haifuliwi kwa dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huziba nyuzi.

Yule kijana nilimwendea, bila maneno makali. Nilimwonyesha boneti kwa tochi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Bosi, mimi nilipewa fulana moja kwa magari yote ya siku. Hakuna aliyewahi kuniambia." Nikaona aibu kwa yale niliyopanga kumwambia. Nilimnunulia taulo sita, tatu za juu na tatu za chini, na ndoo ya pili ya kusuuzia sponji. Shilingi 30,000 hazikurudi. Lakini Jumamosi iliyofuata mteja mmoja aliokota taulo iliyoanguka kwenye murram na kumpa aendelee. Kijana akaitupa kwenye ndoo ya kufua, akachukua nyingine.

Haya, narudi kwenye programu zangu. Huko nako kuna mikwaruzo.