Kibadilishajoto

Kibadilishajoto ni kifaa kinachohamisha joto kutoka giligili moja hadi nyingine bila kuzichanganya. Giligili ni kitu chochote kinachotiririka, kiwe kiowevu kama maji au gesi kama hewa. Kati ya giligili hizo mbili huwa na ukuta mwembamba, mara nyingi wa metali, unaopitisha joto kwa urahisi.

Mfano unaojulikana na wengi ni rejeta ya gari, ambamo maji yaliyopata moto kwenye injini huachia joto lake hewani. Vibadilishajoto hupatikana pia katika friji, viyoyozi, viwanda vya maziwa na vituo vya umeme. Katika kituo cha Olkaria III nchini Kenya, joto kutoka ardhini huchemsha kiowevu kingine, na mvuke wa kiowevu hicho ndio unaoendesha mitambo ya umeme.

Kiasi cha joto

Joto hutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Ikiwa hakuna joto linalopotea nje, joto linalotolewa na giligili moja ni sawa na linalopokelewa na nyingine. Hukokotolewa hivi:

Q = m × c × ΔT

Q ni joto linalohamishwa kwa sekunde (kilowati), m ni kilogramu zinazopita kwa sekunde, c ni joto mahususi la giligili, na ΔT ni badiliko la halijoto yake. Joto mahususi la maji ni kilojuli 4.18 kwa kilogramu kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. La maziwa ni takriban 3.9.

Tuchukue mfano wa maziwa yanayopozwa kwa maji kutoka nyuzi 35 hadi 20. Maziwa yanapita kwa kilogramu 0.5 kwa sekunde.

Q = 0.5 × 3.9 × 15 = kilowati 29.25

Maji yanaingia yakiwa na nyuzi 15, kilogramu 1 kwa sekunde. Yataongezeka nyuzi 29.25 ÷ 4.18, yaani 7, na kutoka yakiwa na nyuzi 22.

Mwelekeo wa mtiririko

Katika mtiririko sambamba giligili zote mbili huingia upande mmoja. Katika mtiririko kinyume kila moja huingia upande wake, zikapishana. Katika mfano wetu maji yanatoka yakiwa na joto kuliko maziwa yaliyopozwa. Jambo hilo haliwezekani kwa mtiririko sambamba: hata ukuta ukiwa mkubwa kiasi gani, maziwa na maji vitakutana kwenye nyuzi 21.4 hivi na kuishia hapo. Kwa mtiririko kinyume inawezekana.

Eneo la ukuta

Ukubwa wa ukuta unaohitajika hupatikana kwa kanuni hii:

Q = U × A × ΔTw

A ni eneo la ukuta, U ni kipimo cha wepesi wa joto kupita ukutani, na ΔTw ni wastani wa tofauti ya halijoto. Kwa kuwa tofauti hiyo hubadilika njiani, hutumika wastani wa kilogarithimu:

ΔTw = (ΔT1 − ΔT2) ÷ ln(ΔT1 ÷ ΔT2)

Kwa mtiririko kinyume, tofauti upande mmoja ni 35 − 22 = 13, na upande wa pili 20 − 15 = 5. Hivyo ΔTw = 8 ÷ ln 2.6 = 8.37. Wastani wa kawaida ungetoa 9, na ukuta ungetengenezwa mdogo kuliko unaohitajika.

Tukichukua U kuwa wati 1500 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi 1:

A = 29250 ÷ (1500 × 8.37) = mita za mraba 2.33

Athari ya uchafu

Protini na chumvi za maziwa, au chokaa ya maji, huganda ukutani na kuzuia joto. Ukinzani wa uchafu huo hujumlishwa na 1 ÷ U. Ukiwa 0.0002, basi 1 ÷ U inakuwa 0.000667 + 0.0002 = 0.000867, na U inashuka hadi 1154 hivi. Eneo linalohitajika sasa ni mita za mraba 3.03. Kifaa kilichotosha siku ya kwanza hakitoshi tena, maziwa hutoka yakiwa na uvuguvugu, na bakteria huzaliana upesi.

Kwa sababu hiyo wahandisi huongeza eneo la akiba, na viwanda vya maziwa huosha mitambo yao mara kwa mara kwa alkali na asidi. Aidha, pale maziwa yaliyokwisha kupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 ili kuua vijidudu yanapopasha maziwa mabichi, upande wa maziwa salama huwekwa shinikizo kubwa zaidi. Ukuta ukitoboka, maziwa salama yatavuja kwenda kwa mabichi, wala si kinyume chake.