Mionzi ya vipimo vya hospitali na hatari ya saratani kwa watoto

MZAZI anayemkimbiza hospitalini mtoto aliyeanguka na kugonga kichwa huwa na jambo moja tu moyoni: kujua kama ubongo wa mwanawe umeumia. Daktari anapoandika kipimo cha CT, wazazi wengi hushusha pumzi, kwa kuwa mashine hiyo huonyesha yaliyomo ndani ya fuvu kwa muda mfupi sana.

Ni wachache wanaouliza mashine hiyo hutumia nini kuyaona hayo. Hutumia mionzi ya eksirei, ile ile iliyogunduliwa na mwanasayansi wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, Novemba 1895. Mionzi hiyo imeokoa maisha ya watu wasiohesabika, lakini pia inaweza kupanda mbegu ya saratani itakayojitokeza miaka mingi baadaye.

Je, picha inayopigwa ili kutafuta ugonjwa mmoja inaweza kuleta mwingine? Tafiti za karibu miaka 70 zinatoa jibu lenye pande mbili. Hatari ipo, na kwa watoto ni kubwa kuliko kwa watu wazima. Hata hivyo, kwa mtoto mmoja mmoja hatari hiyo ni ndogo, na kipimo kinachohitajika kweli huwa na faida inayoizidi kwa mbali.

Namna mionzi inavyodhuru

Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kupenya mwilini. Inapopita, huweza kuharibu vinasaba vilivyomo ndani ya seli. Mara nyingi mwili hurekebisha uharibifu huo wenyewe, au seli iliyoharibika hufa. Lakini mara chache urekebishaji hukosewa, na seli yenye kasoro hubaki hai, ikaendelea kugawanyika. Huo ndio unaoweza kuwa mwanzo wa saratani.

Zipo sababu kadhaa zinazowafanya watoto wawe katika hatari zaidi. Kwanza, seli zao zinagawanyika kwa kasi kwa kuwa wangali wanakua. Pili, wana miaka mingi ya kuishi mbele yao, na saratani itokanayo na mionzi huchukua miaka kadhaa, pengine miongo, kabla ya kuonekana. Tatu, mwili wao ni mdogo, hivyo mashine iliyopangwa kwa kipimo cha mtu mzima huvipa viungo vyao mionzi mingi kupita kiasi.

Aidha, kwa mtoto mdogo sehemu kubwa ya uboho unaotengeneza damu imo katika mifupa ya fuvu. Kwa hiyo kipimo cha CT cha kichwa humulika uboho mwingi zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima.

Kamati ya Kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013 kwamba kwa takribani robo ya aina za saratani, zikiwemo saratani ya damu, ya tezi ya shingoni, ya ngozi, ya matiti na ya ubongo, watoto hudhurika kwa urahisi zaidi kuliko watu wazima.

Daktari aliyepingwa

Wa kwanza kuonyesha kwa takwimu kwamba picha za hospitali zinaweza kuhusishwa na saratani za utotoni alikuwa daktari Alice Stewart wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Yeye na wenzake waliwahoji akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani katika miaka ya 1953 hadi 1955, wakalinganisha majibu yao na ya akina mama ambao watoto wao walikuwa wazima.

Matokeo ya awali yalitolewa mwaka 1956, na taarifa kamili ikafuata mwaka 1958. Watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito walikufa kwa saratani karibu mara mbili zaidi ya wengine.

Madaktari wengi walimpinga. Wakati huo eksirei kwa wajawazito ilikuwa jambo la kawaida katika nchi tajiri, na iliaminika kuwa kiasi hicho kidogo cha mionzi hakiwezi kudhuru. Mwaka 1962 mtafiti Brian MacMahon wa Marekani alitoa utafiti mwingine uliotumia njia tofauti, ambao ulionyesha ongezeko la takribani asilimia 40. Taratibu desturi hiyo ikaachwa, na ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi ya aina hiyo, ikachukua nafasi yake.

Somo jingine lilitoka Israel. Kati ya mwaka 1948 na 1960, maelfu ya watoto, wengi wao wa familia zilizohamia huko kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walitibiwa mapunye ya kichwani kwa eksirei. Hiyo ilikuwa tiba, si kipimo, na mionzi yake ilikuwa mikali zaidi. Miaka mingi baadaye walionekana kupata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingoni zaidi kuliko watu wengine. Mwaka 1994 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia waathirika.

Ujio wa CT

Kipimo cha CT kwa mgonjwa kilifanyika kwa mara ya kwanza Oktoba 1, 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Waliotunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi hiyo walikuwa Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria suala hilo akiwa Cape Town, Afrika Kusini.

Mashine hiyo hupiga picha nyingi kuuzunguka mwili, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa vipande vinavyoonyesha viungo vya ndani kwa uwazi mkubwa. Uwazi huo una gharama yake ya mionzi.

Picha moja ya eksirei ya kifua kwa mtoto wa miaka mitano hutoa takribani milisiveti 0.02, sawa na mionzi ya asili ambayo kila mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa siku tatu hivi. CT ya kichwa kwa mtoto huyo hutoa takribani milisiveti 2, yaani kiasi cha miezi kumi ya mionzi ya asili, au picha 100 za kifua. CT ya tumbo huweza kuzidi hapo mara kadhaa.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakiongozwa na David Brenner walikadiria kuwa kati ya watoto 600,000 wa chini ya miaka 15 waliokuwa wakifanyiwa CT ya kichwa na ya tumbo nchini humo kila mwaka, 500 hivi wangeweza hatimaye kufa kwa saratani iliyotokana na mionzi hiyo. Hayo yalikuwa makadirio, lakini yalizua mjadala mkubwa, na Januari 2008 wataalamu wa picha za watoto wakaanzisha kampeni iitwayo Image Gently, ya kuwahimiza wenzao kupunguza mionzi kwa watoto.

Tafiti zinasema nini

Ushahidi wa moja kwa moja ulikuja mwaka 2012. Watafiti wa Uingereza walifuatilia zaidi ya vijana na watoto 178,000 waliofanyiwa CT kati ya mwaka 1985 na 2002 kabla ya kutimiza miaka 22. Waligundua kuwa waliopata jumla ya miligrei 50 hivi kwenye uboho walikuwa na hatari ya saratani ya damu karibu mara tatu ya waliopata mionzi kidogo sana. Kwa uvimbe wa ubongo, hali ilikuwa hiyo hiyo kwa miligrei 60 hivi.

Maneno "mara tatu" yanatisha, lakini maana yake ilikuwa hii: kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaofanyiwa CT moja ya kichwa, mmoja wa ziada angepata saratani ya damu na mmoja wa ziada angepata uvimbe wa ubongo katika miaka kumi inayofuata.

Mwaka 2013 utafiti wa Australia uliohusisha watu milioni 10.9 ulionyesha kuwa 680,000 kati yao, ambao walifanyiwa CT utotoni au ujanani, walipata saratani kwa asilimia 24 zaidi ya wengine.

Baadhi ya wataalamu walihoji matokeo hayo. Walisema huenda watoto wengine walipelekwa kwenye CT kwa sababu tayari walikuwa na dalili za saratani ambayo haijagunduliwa, na hivyo kipimo kikasingiziwa kosa lisilo lake. Tafiti zilizofuata zilijaribu kuondoa kasoro hiyo kwa kutohesabu saratani zilizogunduliwa muda mfupi baada ya kipimo.

Mojawapo ni utafiti wa nchi tisa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2023, ambao uliwafuatilia watu zaidi ya 948,000. Ulithibitisha uhusiano kati ya mionzi ya CT na saratani za damu, ukakadiria kuwa kwa kila watoto 10,000 wanaofanyiwa CT kwa viwango vya mionzi vya sasa, mmoja hadi wawili watapata saratani hiyo katika miaka 12 inayofuata kwa sababu ya kipimo.

Septemba 2025 ulitolewa utafiti mwingine wa watoto milioni 3.7 wa Marekani na jimbo la Ontario, Canada, waliozaliwa kati ya mwaka 1996 na 2016. Watafiti walikadiria kuwa saratani moja kati ya kumi za damu miongoni mwa watoto hao huenda ilitokana na mionzi ya vipimo, hasa CT. Kadiri mionzi ilivyoongezeka, ndivyo hatari ilivyopanda.

Kukataa kipimo nako ni hatari

Wataalamu wanaonya kuwa takwimu hizo zisimfanye mzazi akatae kipimo ambacho mtoto anakihitaji. Damu inayovuja ndani ya fuvu huweza kuua kwa saa chache. Hatari hiyo haiwezi kulinganishwa na uwezekano wa mmoja kati ya maelfu utakaojitokeza, kama utajitokeza, baada ya miaka.

Suala ni vipimo visivyo vya lazima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwachunguza watoto 42,412 walioumia kichwa na kufikishwa katika vitengo vya dharura nchini Marekani. Zaidi ya theluthi moja walifanyiwa CT, lakini waliokutwa na majeraha makubwa ya ubongo hawakufika asilimia moja.

Kutokana na utafiti huo uliandaliwa mwongozo unaomsaidia daktari kuwatambua watoto wasiohitaji CT. Kwa mtoto wa miaka miwili na kuendelea, daktari huangalia kama alipoteza fahamu, anatapika, anaumwa kichwa sana, ana dalili za kuvunjika fuvu, hayuko katika akili yake ya kawaida, au aliumia kwa ajali kubwa. Asiye na dalili yoyote kati ya hizo ana uwezekano mdogo mno wa jeraha kubwa.

Hali kadhalika, mtoto anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo huweza kuanza na ultrasaundi. Kwa baadhi ya magonjwa ya ubongo na uti wa mgongo, kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku, huweza kuchukua nafasi ya CT, ingawa huchukua muda mrefu na mtoto mdogo hulazimika mara nyingine kupewa dawa ya usingizi.

Hali ya Afrika Mashariki

Tanzania inasimamia matumizi ya mionzi kupitia Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya sheria ya mwaka 2003. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Kenya ilianzisha mamlaka mpya ya udhibiti kwa sheria ya mwaka 2019.

Katika ukanda huu tatizo lina sura mbili. Mashine za CT ziko zaidi katika hospitali kubwa za mijini, hivyo wapo watoto wanaokosa kipimo ambacho kingewaokoa. Wakati huo huo, mtoto wa mjini anayehamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine huweza kurudiwa kipimo kile kile kwa sababu tu picha ya kwanza haikubebwa.

Maswali ya mzazi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linawahimiza madaktari kuzungumza na wazazi kuhusu faida na hatari kabla ya kipimo. Mzazi naye ana haki ya kuuliza: Kipimo hiki kitabadilisha vipi matibabu ya mwanangu? Je, ultrasaundi au MRI inaweza kutosha? Mashine imepangwa kwa uzito na umri wa mtoto? Itapigwa sehemu inayohitajika tu?

Ni busara pia kutunza picha na majibu yote, kuandika tarehe ya kila kipimo, na kumweleza daktari kama mtoto aliwahi kufanyiwa CT hivi karibuni. Mama au dada anayemshika mtoto wakati wa kipimo aseme mapema kama ni mjamzito.

Mzazi asishangae pia akiona mtoto hakufunikwa sehemu za siri kwa kitambaa cha risasi kama ilivyokuwa zamani. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa fizikia ya tiba nchini Marekani wanashauri desturi hiyo iachwe, kwa kuwa kitambaa kikikaa vibaya huficha sehemu inayotakiwa, na hapo picha hulazimika kurudiwa.

Mtoto aliyekwisha kufanyiwa CT moja au mbili hahitaji matibabu yoyote kwa sababu hiyo, na watoto walio wengi mno waliopimwa hawapati saratani. Linalotakiwa ni kuhakikisha kuwa kipimo kijacho, kikiwapo, kina sababu na kinatumia mionzi midogo iwezekanavyo kutoa jibu ambalo daktari analihitaji.