Nani Anasema? Kitenzi cha Mwisho katika Kiholanzi

Wahakiki wenzangu, swali la "nani anasema?" tunawauliza wasimulizi na wahusika kila siku, lakini sarufi yenyewe hatuiulizi. Hebu tukitazame Kiholanzi. Anayeumwa husema "ik ben ziek", kitenzi kikiwa nafasi ya pili. Akisemewa na mwingine, inakuwa "hij zegt dat hij ziek is": "dat" ndiyo "kwamba" yao, na kitenzi kimekwenda mwisho kabisa. Kwetu, hata ukiweka "kwamba", maneno yanabaki pale pale.

Basi mtu hudhani kuwa kishazi tegemezi ndicho kilichopinduliwa. La hasha! Mwaka 1975 Jan Koster alitoa hoja kwamba mwisho ndiko nyumbani kwa kitenzi, na kishazi huru ndicho kinachokivuta mbele. Kanuni hiyo, hata hivyo, haikuwa kali tangu zamani. Katika Kiholanzi cha Enzi za Kati maneno kadhaa yaliweza kukifuata kitenzi hata baada ya "dat".

Lililonigusa zaidi ni kile kilichopotea. Kijerumani bado hubadili umbo la kitenzi ili kuonyesha kuwa maneno ni ya mwingine: "er sei krank". Kiholanzi nacho kilikuwa na maumbo ya jamii hiyo, leo yamebaki katika misemo ya kale tu, kama "leve de koning". Pengo limezibwa kwa sehemu na "zou". "Hij zou ziek zijn" maana yake ni, eti anaumwa; mwandishi wa gazeti huliweka hapo ili tuhuma isimwangukie yeye.

Sasa chukua Max Havelaar ya 1860. Multatuli, yaani Eduard Douwes Dekker, alikuwa ofisa wa kikoloni huko Lebak, Java, akajiuzulu 1856. Riwaya yake inaanza na Droogstoppel, dalali wa kahawa wa Amsterdam, kisha kalamu inashikwa na kijana Stern, na mwishoni Multatuli anawafukuza wote wawili ili aseme mwenyewe. Kwa maneno mengine, mwandishi amechoka kusemewa! Lakini mkulima wa Java, ambaye kilio chake ndicho kiini cha kitabu, je, naye anatoka ndani ya "dat"? Saijah amepewa wimbo, tena kwa nafsi ya kwanza. Ila wimbo huo nao umetungwa na yule yule Mholanzi, kwa Kiholanzi.