Nani Anamlipa Mwandishi Sasa?

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia mtambo wa kuchapisha The Standard pale Industrial Area, Nairobi, wakachoma maelfu ya nakala za gazeti. Wengine wakaenda kuzima KTN. Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa watoto wadogo, au hata hamjazaliwa. Lakini fikiria hesabu yao: ukitaka Wakenya wasijue kitu, choma karatasi. Na wakati huo iliingia akilini, kwa sababu habari ilikuwa mzigo. Inapakiwa kwa gari alfajiri, inapelekwa Kisumu na Mombasa, inauzwa kando ya barabara.

Leo utachoma nini? Kabla jua halijatoka, PDF ya gazeti zima ishafika kwa grupu ya WhatsApp, imetumwa na mtu ambaye hata yeye hajui ilitoka wapi.

Watu husema intaneti ilimaliza magazeti kwa sababu ina haraka. Hiyo ni nusu ya stori. Redio ilikuwa na haraka kuliko gazeti tangu kitambo, na haikulimaliza. Kilichoondoka ni doo. Pesa unayompa muuzaji pale steji haiwezi peke yake kulipa karatasi, wino, madereva na waandishi. Gazeti liliishi kwa matangazo. Uliza mzazi wako alitafutaje kazi: alinunua gazeti, akachukua biro, akazungushia nafasi moja moja. Ploti, gari kuukuu, nyumba ya kupanga, zabuni za serikali, zote zilikuwa mle ndani. Gazeti lilikuwa soko lenye habari. Hata The Standard yenyewe ilianzishwa Mombasa mwaka wa 1902 na mfanyabiashara, A. M. Jeevanjee, ikiitwa African Standard na ikitoka mara moja kwa wiki.

Mwaka wa 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kupitia baharini kutoka Fujairah, na intaneti ikaanza kuwa ya watu wa kawaida. Soko likahama polepole. Kazi zikaenda mtandaoni, magari yakafuata, ploti zikaenda Facebook. Kampuni nazo zikapeleka pesa zao Google. Kilichokataa kuhama ni vifo: familia bado inataka picha ya mzee kwenye karatasi, ikatwe, iwekwe kwa albamu.

Corona ilipokuja mwaka wa 2020, mishahara ya wanahabari ikakatwa na wengine wakafutwa. Mwaka uliofuata Nation ikaanza kulipisha wasomaji wa mtandaoni. Tulilalamika sana, mimi nikiwa mbele. Ati tulipie habari?

Sisemi turudi nyuma. Juni 2024 vijana walisomeana Mswada wa Fedha kwa TikTok na X, hadi kwa lugha za mama, na hakuna mhariri aliyewaruhusu. Tarehe 25 intaneti ikayumba, tukakumbuka kwamba hata sisi tunategemea waya.

Lakini kuna kazi ambayo sisi hatufanyi. Video yangu iliyotazamwa zaidi ni ya kesi moja ya pesa za umma. Sekunde 90. Kila kitu nilichosema kilitoka kwa mwandishi mmoja wa gazeti aliyekaa kortini miezi mingi, akiahirishiwa, akirudi, akisoma mafaili ambayo mimi singefungua hata kwa kulazimishwa. Nilisoma ripoti zake kwa PDF ya bure. Jina lake sikulitaja. Nilipata pesa ya bando na wafuasi wapya. Yeye hakupata hata asante.

Juzi nikaamua kumtafuta, angalau nimtag. Kumbe aliacha gazeti. Siku hizi anaandikia gavana fulani hotuba. Kesi bado inaendelea, na tangu aondoke sijaona ripoti hata moja kuihusu.