Sonona: Majuma ya kwanza ya dawa ndiyo magumu zaidi

MGONJWA wa malaria akimeza dawa leo hutarajia nafuu kesho au kesho kutwa. Anayeumwa na kichwa humeza kidonge akangoja nusu saa. Matarajio ya aina hiyo ndiyo humponza mgonjwa wa sonona. Hupewa vidonge vya mwezi mzima, akavimeza kwa siku saba au kumi, na anachokipata ni kinywa kikavu, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, ilhali uzito wa moyo uliompeleka kwa daktari ungali pale pale. Huamua kwamba dawa haimfai, akaiacha. Kumbe hizo ndizo siku ambazo dawa hizi huwa zimekwisha kuleta madhara yake na bado hazijaleta manufaa yake.

Jina la maradhi haya kwa Kiswahili halijatulia. Magazeti ya Kenya yamezoea kuandika msongo wa mawazo, wengine husema mfadhaiko au unyogovu, na waandishi wa Tanzania hupendelea sonona, neno la ukoo mmoja na kusononeka. Tumelichagua hili la mwisho kwa sababu msongo wa mawazo humfika kila anayedaiwa kodi ya nyumba, na aghalabu huondoka kodi ikishalipwa. Sonona haiondoki hivyo. Daktari huitambua iwapo huzuni, au kutovutiwa na jambo lolote, kumedumu kwa muda usiopungua majuma mawili, takriban kila siku, pamoja na dalili nyingine: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula, uchovu usio na sababu, kushindwa kutuliza akili juu ya kazi, kujilaumu, na fikira za kifo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 ulimwenguni wana maradhi haya.

Hapa kwetu mgonjwa hafiki kliniki akisema ana huzuni. Husema kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma, kifua kinabana, au mwili hauna nguvu. Si ajabu akawa ametibiwa malaria na homa ya matumbo mara kadhaa kabla ya mtu yeyote kumwuliza analalaje na anawaza nini. Daktari makini vilevile hupima damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na hitilafu ya tezi hiyo huweza kuleta hali inayofanana na sonona.

Dawa zenyewe ziligunduliwa kwa sadfa. Mnamo 1952 madaktari wa hospitali ya Sea View mjini New York walikuwa wakijaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi, wakaona wagonjwa waliokuwa wamelala kwa unyonge wakichangamka na kula. Miaka michache baadaye daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, aliijaribu imipramini kwa wagonjwa wa akili na kubaini kuwa iliwafaa wale waliozama katika huzuni. Akachapisha matokeo yake mwaka 1957. Amitriptilini, inayotumika sana hadi leo, ni ya ukoo huo wa imipramini. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ni ya kizazi kilichofuata. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, amitriptilini tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977 na fluoksetini tangu 2007.

Zinafanyaje kazi? Jibu lililozoeleka ni kwamba ubongo wa mgonjwa umepungukiwa na kemikali iitwayo serotonini, nayo dawa huijaza, mfano wa dereva anayeongeza mafuta. Jibu hilo ni jepesi mno. Ni kweli kwamba fluoksetini huzuia serotonini isifyonzwe upesi na seli za neva, na kazi hiyo huanza saa chache baada ya kidonge kumezwa. Lau tatizo lingekuwa upungufu tu, mgonjwa angepona siku ya pili. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Joanna Moncrieff wa London walipitia tafiti za miaka mingi na hawakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na uhaba wa serotonini. Baadhi ya watu walifanya haraka kusema kwamba basi dawa ni bure, lakini hilo ni suala jingine. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 522 yenye wagonjwa zaidi ya 116,000, yalionyesha kuwa dawa zote 21 zilizochunguzwa ziliwafaa watu wazima kuliko vidonge visivyo na dawa, ijapokuwa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Kwa maneno mengine, zinasaidia wengi, hazisaidii wote, na namna zinavyosaidia haijafahamika yote. Ndiyo sababu sonona hafifu hutibiwa kwanza kwa mazungumzo na mtaalamu wa ushauri nasaha, na dawa huachiwa sonona ya kadiri na iliyo kali, ikiwezekana pamoja na mazungumzo hayo.

Turejee kwa mgonjwa wetu na vidonge vyake. Katika majuma mawili ya kwanza, anayemeza fluoksetini huenda akapata kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi na kukosa usingizi. Ndiyo maana huelekezwa kuimeza asubuhi. Anayemeza amitriptilini hupatwa na usingizi mzito, kinywa kikavu, choo kigumu, na kizunguzungu akiinuka ghafla; yeye huimeza usiku. Mengi ya haya hupungua mwili ukizoea. Nafuu ya kwanza aghalabu huonekana kati ya juma la pili na la nne, na huanzia kwenye usingizi na chakula kabla ya kufika moyoni. Pengine jamaa wa nyumbani ndio huiona kabla ya mgonjwa mwenyewe. Manufaa kamili huweza kuchukua majuma sita hadi manane, na ikiwa muda huo umepita bila mabadiliko, daktari huongeza kipimo au kubadilisha dawa. Kushindwa kwa dawa ya kwanza si habari ya ajabu wala hukumu ya mwisho.

Kuna dhara moja ambalo wagonjwa hulinyamazia. Fluoksetini na wenzake huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kilele chake, na tofauti na kichefuchefu, hili huenda lisiondoke lenyewe. Wanaume wengi huacha dawa kwa sababu hii bila kumwambia yeyote, si daktari wala mke. Daktari anao uwezo wa kupunguza kipimo au kuchagua dawa nyingine, lakini hawezi kutibu asichoambiwa.

Majuma hayo ya mwanzo yana hatari nyingine iliyo nzito zaidi. Kwa baadhi ya vijana, fikira za kujiua huzidi mwanzoni mwa matibabu au kipimo kinapobadilishwa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kuhusu watoto na vijana wadogo, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa kufikia umri wa miaka 24. Maana yake si kwamba kijana asipewe dawa. Ni kwamba asiachwe peke yake nayo. Aonwe na daktari katika juma la kwanza au la pili, na watu wa nyumbani waangalie iwapo amekuwa na fadhaa, hasira au kukesha kusiko kawaida. Amitriptilini, ambayo ikizidi kipimo huweza kuuvuruga moyo, ni bora itunzwe na mtu wa nyumbani anayeaminika na itolewe kidogo kidogo.

Mtego wa pili huja wakati mambo yamekuwa mema. Mgonjwa analala, anakula, amerudi kazini, na haoni sababu ya kuendelea na vidonge. Ushauri wa kitaalamu ni kuendelea kwa muda usiopungua miezi sita baada ya kupata nafuu, na zaidi kwa aliyewahi kuugua tena na tena. Dawa hizi hazileti uraibu wa pombe au bangi: mtu hazitamani wala haongezi kipimo ili alewe. Hata hivyo, mwili huzizoea, na kuzikatiza ghafla huleta kizunguzungu, ndoto za kutisha, machozi ya karibu na mshtuko kichwani mithili ya umeme. Anayepatwa na hayo hudhani maradhi yamerudi. Njia salama ni kupunguza polepole kwa mwongozo wa daktari, kwa majuma, na kwa wengine miezi.

Yapo pia mambo ambayo daktari hana budi kuambiwa kabla ya kuandika dawa: vipindi vilivyopita vya uchangamfu uliopindukia, matumizi ya fedha ovyo na kutolala kwa siku kadhaa bila uchovu, kwani mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake huenda akalipuka, maradhi ya moyo au ya macho, ujauzito, na dawa nyingine zote, zikiwemo za mitishamba. Tramadoli, inayomezwa kiholela kwa maumivu, ikikutana na fluoksetini huweza kuleta homa, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Ibuprofeni na aspirini huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni. Pombe huongeza usingizi wa amitriptilini na yenyewe hukoleza huzuni.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kenya alikuwa na sababu ya kuficha lile lililo muhimu kuliko yote. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na aliyenusurika angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mnamo Januari 9, 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, sheria ya afya ya akili ilikuwa imerekebishwa mwaka 2022 na kuzipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Hivyo si lazima kila mgonjwa afike Mathari, hospitali iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910 na ambayo jina lake, kwa bahati mbaya, limegeuzwa tusi mitaani.

Kilichosalia ni uhaba wa madaktari wa akili, na vidonge ambavyo mwezi huu vipo na mwezi ujao havipo. Anayetegemea duka la dawa la hospitali ya umma heri arudi siku chache kabla ya pakiti kwisha, na akiambiwa dawa yake haipo, amwone daktari siku hiyo hiyo kuhusu ya kuishika nafasi yake, badala ya kurejea nyumbani mikono mitupu kungoja shehena nyingine.