Fahamu: Majeshi ya Umoja wa Afrika Kisiwani Anjouan, 2008

Alfajiri ya tarehe 25 Machi, 2008, majeshi ya Muungano wa Komoro, yakisaidiwa na wanajeshi wa Umoja wa Afrika (AU), yaliingia katika kisiwa cha Anjouan, ambacho wenyeji hukiita Nzwani. Siku hiyo hiyo mji mkuu wa kisiwa, Mutsamudu, ulidhibitiwa. Kazi ya kulinda amani mpaka wananchi wapate kiongozi halali ilihitaji miezi kadhaa.

Chimbuko la mgogoro

Katiba ya mwaka 2001 ilikipa kila kisiwa cha Komoro rais wake, chini ya Rais wa Muungano. Mwezi Juni 2007, Kanali Mohamed Bacar aliendesha uchaguzi Anjouan licha ya Serikali ya Muungano na AU kutaka uahirishwe, kisha akajitangaza mshindi. AU ilimwekea vikwazo yeye na wasaidizi wake, lakini hakutii.

Msingi wa hatua ya kijeshi

Ibara ya 4(j) ya Sheria ya Kuanzisha AU inaipa nchi mwanachama haki ya kuomba Umoja huo uingilie kati ili kurejesha amani na usalama. Rais Ahmed Abdallah Mohamed Sambi aliomba msaada. Tanzania, ambayo Rais wake, Jakaya Kikwete, alikuwa Mwenyekiti wa AU, ilipeleka wanajeshi pamoja na Sudan; Libya ilisaidia usafirishaji. Afrika Kusini ilipendelea mazungumzo yaendelee.

Baada ya operesheni

Bacar alikimbilia Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, na baadaye akapelekwa Benin. Laili Zamane Abdou aliongoza utawala wa mpito. Kwa walinda amani, wajibu ulibadilika: badala ya kupambana, walipaswa kusaidia kudumisha utulivu ili kura ipigwe bila vitisho kutoka kwa askari waliomtii Bacar.

Uchaguzi ulifanyika mwezi Juni 2008 kwa duru mbili, na Moussa Toybou akashinda. Mwaka 2009, kura ya maoni ilirekebisha Katiba, na marais wa visiwa wakawa magavana.

Hivyo, kuutwaa mji kulifungua njia tu. Uhalali wa uongozi wa Anjouan ulirejeshwa na wapiga kura wake, si na silaha.